Kwenda Hershey Kutafuta Pampu

Mvua ilitukuta tukiwa tunaupanda mlima Tuscarora, huko Pennsylvania, kwenye barabara ya US 30. Nilikuwa gia ya pili, nimekanyaga mafuta karibu na mwisho, mara waipa zikasimama katikati ya kioo.

"Mjomba, vipi?" mpwa wangu akauliza.

"Tulia. Zitarudi."

Nikaachia mafuta kidogo. Waipa zikafuta mara tatu upesi upesi, nikaiona barabara, ila gari likaanza kupoteza nguvu. Nikakanyaga tena, zikasimama tena. Mlima wote tukaupanda hivyo hivyo, nakanyaga, naachia, nachungulia, nakanyaga, na nyuma yetu malori yamejipanga taa zimewashwa.

Gari lenyewe ni Chevrolet 210 ya 1954, milango minne, gia tatu, na mkono wa gia uko kwenye shingo ya usukani. Waipa zake hazina mota ya umeme. Zinaendeshwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, kabureta inajifunga, pistoni zinavuta hewa zisiipate ya kutosha, na mvuto unakuwa mkali. Ukikanyaga, mlango wa hewa unafunguka na mvuto unakufa. Kwa hiyo mlimani, pale unapohitaji nguvu na macho kwa pamoja, gari linakupa kimoja tu.

Dawa yake ipo, na wahandisi wa zamani waliijua: pampu ya mafuta yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kinasukuma petroli kwenda kwenye kabureta, cha pili kinavuta hewa kuzisaidia waipa injini inapozidiwa. Langu lilikuwa na pampu ya kawaida. Hiyo ya vyumba viwili ndiyo iliyonitoa Columbus, Ohio, kwenda kwenye gulio la vipuri vya magari ya kale huko Hershey, Pennsylvania, safari ya zaidi ya kilomita 600, wiki ya kwanza ya Oktoba.

Wapo walioniambia niagize kwa simu nikae nyumbani. Lakini pampu ya miaka sabini sitaki kuinunua kwa picha. Nataka kuishika.

Tulitoka Jumatatu alfajiri kwa barabara ya US 40, ambayo sehemu kubwa inafuata ile barabara ya taifa iliyoanza kujengwa mwaka 1811 kutoka Cumberland, Maryland. Barabara kuu za kisasa nilizikwepa. Gari hili linapenda kilomita 80 kwa saa. Likifika 100 linakwenda, lakini unasikia kwamba linavumilia. Pale Zanesville tukapita lile daraja lenye umbo la herufi Y, ambapo unafika katikati ya mto ukakutana na taa za barabarani na kuchagua upande. Mpwa wangu alizaliwa Ohio na hakuwa amewahi kuliona. Wheeling, Washington ya Pennsylvania, Greensburg, hizo tulizipita bila kusimama, isipokuwa kujaza mafuta na kuchungulia oili.

Usiku hatuendeshi. Umeme wa gari ni volti 6, na taa zake ni hafifu mno kwa barabara zinazokatizwa na paa wa porini. Giza likatukuta Bedford, mji mdogo wenye jengo la 1927 lenye umbo la birika la kahawa, nasi tukalala hapo.

Jina la mji huo lilinirudisha Tanga. Baba yangu alikuwa fundi wa malori ya Bedford, yale yaliyobeba mkonge, na gereji yake ilikuwa chini ya mwembe. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika taa na kuleta spana. Siku moja nilimpa spana namba 13 kwenye nati ya nusu inchi. Alinirudishia bila kunitazama: nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaingia lakini inacheza, na ukiilazimisha unakula pembe za nati. Hadi leo sanduku langu lina spana za inchi peke yake, na nikigusa nati huwa nasikiliza kwanza kama spana imekaa.

Nilipofungua boneti ya Chevrolet hii kwa mara ya kwanza niliifahamu kabla sijaigusa. Silinda sita mstari mmoja, valvu juu, roka zimejipanga chini ya kifuniko cha bati, kila kitu kinafikiwa kwa mkono. Baadaye nikajua kwa nini. General Motors iliinunua kampuni ya Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925, na Bedford za kwanza za 1931 zilitokana na malori ya Chevrolet, pamoja na injini ya silinda sita iliyofuata ile ya Chevrolet ya 1929. Kwa hiyo baba, ambaye hakuwahi kufika Marekani, alikuwa amenifundisha ukoo wa injini hii tangu nikiwa na miaka tisa. Kurekebisha tapeti injini ikiwa ya moto, kusafisha platini kwa msasa laini, kusikiliza kabla ya kufungua: kazi ni ile ile.

Asubuhi ya Jumanne ndiyo tukakutana na Tuscarora na mvua yake. Kushuka kulinitia hofu kuliko kupanda. Breki zote nne ni za ngoma, na masta silinda, ile pampu ya breki, ina njia moja tu ya mafuta ya breki. Paipu moja ikipasuka popote, pedali inakwenda chini na huna kitu. Nilishuka kwa gia ya pili, injini inanguruma, nikigusa breki mara chache na kuziacha zipoe. Mpwa wangu alikuwa ameshika mpini wa mlango. Chini, Fort Loudon, tukasimama nikazungushia mkono karibu na kila ringi. Zilikuwa vuguvugu. Hakuna harufu ya kuungua.

Hershey ni mji wa chokoleti, hata taa za barabara yake kuu zimetengenezwa kwa umbo la pipi zao. Chama cha AACA, kilichoanzishwa 1935 kuhifadhi magari ya kale, kimekuwa kikikutana hapo tangu 1955. Sijaona gulio kama lile. Maelfu ya vibanda, safu baada ya safu, na kila meza ina chuma ambacho mahali pengine kingetupwa: bampa, vioo vya taa, kofia za magurudumu, kabureta zilizofungwa kwenye magazeti. Wauzaji wengi ni wazee. Ukimwuliza mmoja wao kitu asichonacho, anakuelekeza kwa jirani yake, tena anakusindikiza.

Tulizunguka Jumatano nzima. Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye meza ya mzee mmoja mwenye vidole vyeusi kama vya baba, nikaiona. Niliichukua nikasukuma mkono wa pampu. Mgumu, springi yake ni hai. Nikaziba tundu la hewa kwa kidole gumba, nikasukuma tena. Kidole kikavutwa, kisha kikaachiwa taratibu. Upande wa petroli haukuvuta kabisa. Kiwambo cha mpira kilikuwa kimekauka, na hata kingekuwa kizima kisingedumu, kwa sababu petroli ya siku hizi ina ethanoli inayokula mpira wa zamani.

Yule mzee alinitazama muda wote. Kisha akainama chini ya meza akatoa bahasha yenye viwambo vipya vinavyostahimili ethanoli, akaiweka juu ya pampu.

"Anayeijaribu kwa kidole," akasema, "anajua kuifunga."

Bei yake haikubadilika, ila bahasha hakuitoza.

Ijumaa kulikuwa na maonyesho. Majaji wa chama wanapima gari kwa alama 400, na yako magari yanayong'aa kuliko siku yalipotoka kiwandani. Nayaheshimu. Lakini nilikaa muda mrefu zaidi kwenye kundi la magari ambayo hayajafanyiwa matengenezo makubwa, yenye rangi iliyofifia na viti vilivyolika pale mwenye gari alipokuwa akiteremkia kila siku. Hapo unamwona mtu.

Pampu niliifungua na kuisuka upya juu ya taulo, kwenye maegesho ya nyumba ya wageni, mpwa wangu akishika taa ya simu. Kuifunga ni boliti mbili. Ya pili aliifunga yeye.

Jumapili mvua ilirudi tulipofika Laurel Hill, na yeye ndiye alikuwa kwenye usukani. Akaingiza gia ya pili, akakanyaga. Waipa zikapunguza kasi, zikawa nzito, lakini hazikusimama. Zilikwenda na kurudi mpaka kileleni, na hakuna aliyesema neno.

"Mjomba," akasema tulipoanza kuteremka, "mpira wa waipa ya kushoto umekwisha."

Nikatoa daftari, nikaandika.