Nilivyofika Morogoro bila kuzimika: mambo ya kula kabla na baada ya kunyonga baiskeli

Jamani niliseme hili mapema maana najua linaumiza wengi, ule ushauri wa "nenda na njaa mafuta yaungue" haumfai mtu anayetoka Dar kwenda Bagamoyo na kurudi. Mimi nilipewa na braza mmoja wa kwenye kundi letu, mtu mzima, baiskeli ya kaboni, miguu imejengeka, akiongea habari za baiskeli wote tunanyamaza. Akaniambia asubuhi kunywa kahawa chungu na maji basi, usiguse chakula, tumbo likiwa tupu mwili unakula kitambi wenyewe. Na kitambi nilikuwa nataka kiondoke kweli, kwa hiyo nikafuata neno kwa neno.

Tukatoka Mwenge saa 11 alfajiri, barabara nyeupe, hewa nzuri, kundi linakwenda spidi 30 na mimi nimo katikati najisikia mwepesi kuliko siku zote. Tegeta, Bunju, Mapinga, mpaka Bagamoyo, kama kilomita 55 hivi, sijasikia chochote. Wenzangu wakakaa kula chapati na supu, mimi nikanywa maji kwa sababu braza alishasema. Kurudi sasa. Jua limeshapanda, upepo unatupiga usoni, na tulipoipita Zinga mikono ikaanza kutetemeka kwenye usukani. Nikadhani ni barabara. Jasho likawa la baridi, nikaona kibao pembeni nikakisoma mara mbili sielewi kimeandikwa nini, halafu ikanijia hasira ya ajabu, bodaboda amepiga honi tu kunisalimia na mimi nikataka kulia. Kundi likaondoka. Nanyonga lakini miguu haipokei amri, kale kamwinuko ambako asubuhi hata sikukaona nikakapanda nakokota baiskeli. Ndiko kuzimika huko, nguvu kukata njiani.

Kerege nikamkuta mama ntilie chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona umepauka hivyo, umekula wewe?" Nikamwambia bado. "Tangu saa ngapi?" Tangu jana usiku. Hakuuliza tena, akanisogezea kigoda, akamimina chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, na sukari nilikuwa namtazama anavyochota, vijiko vitano vimejaa, akakoroga mwenyewe maana mkono wangu ulikuwa unagongesha kijiko. Pembeni mihogo ya kuchemsha vipande viwili, chumvi kidogo ukingoni mwa sahani. Haikufika hata nusu saa macho yakafunguka, nikaanza kusikia ndege, nikasikia redio yake kumbe ilikuwa inaongea muda wote. Akaniambia mume wake miaka mingi alikuwa anabeba mkaa kwa baiskeli kutoka vijiji vya ndani kupeleka mjini, magunia mawili matatu nyuma, na hakuna siku alitoka nyumbani bila kiporo na chai ya sukari. "Huyo aliyekuambia usile, yeye anabeba nini?"

Hilo swali ndilo lililobadilisha ulaji wangu wote. Tunaongozwa na watu wanaofanya baiskeli mazoezi ya wikiendi, wakati kuna watu wamenyonga hizi barabara na mzigo wa kilo mia na zaidi kila siku ya Mungu na wanajua cha kula.

Nikaenda kusoma sasa, maana sikutaka tena kuambiwa tu. Mwili unaweka wanga kwenye misuli na kwenye ini, ile akiba inaitwa glaikojeni. Kwenye misuli ni kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu wa kawaida, ini kama gramu 100. Ukienda kwa nguvu inakaa kama saa moja na nusu mpaka mawili, basi. Na ile ya kwenye ini ndiyo inalisha ubongo ukiwa umelala, kwa hiyo ukiamka alfajiri imeshapungua sana hata kama jana ulikula sinia zima. Mafuta yapo mengi mwilini ni kweli, ila yanaungua polepole, spidi 30 hayaiwezi peke yake. Wapo wanamashindano wanaokwenda bila kula kwa makusudi, lakini ni safari fupi ya taratibu na wanajua wanachofanya. Braza alichukua hiyo akaileta kwenye zaidi ya kilomita 100 za jua la pwani, hapo ndipo ninapomkatalia.

Na asikudanganye mtu kwamba kuzimika ni kwa wageni wa mchezo. Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, mwaka 2013 akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, nguvu zilimkata akipanda Alpe d'Huez. Mwenzake Richie Porte ikabidi arudi kwenye gari la timu kumchukulia jeli ya sukari, na kwa kuwa walikuwa wameshaingia kwenye kilomita za mwisho ambako kupokea chakula hakuruhusiwi wakapigwa adhabu ya sekunde 20. Aliipokea adhabu, akala, na Tour akaishinda. Yaani bingwa wa Tour mwenyewe aliona bora adhabu kuliko njaa.

Basi utaratibu wangu sasa uko hivi. Usiku kabla ya safari napika wali mwingi kuliko tunavyoweza kula, na samaki au maharage machache, sio chipsi mayai. Chipsi mayai ya saa 4 usiku inaamka na wewe, mafuta yanakaa tumboni unapanda baiskeli unacheua. Wali unaobaki ndio kiporo cha alfajiri, ila sikiliza hapa, kwa joto la Dar usiuache mezani mpaka asubuhi, ukipoa kidogo tu weka kwenye friji. Wali uliolala nje unaweza kutengeneza sumu ambayo hata ukiupasha mpaka utoe moshi haiondoki, na kutapika porini Kiromo sikuombei. Kama huna friji chemsha ndizi au viazi vitamu asubuhi hiyohiyo, au chapati mbili na chai.

Nakula saa mbili na nusu hivi kabla ya kutoka, nikichelewa hata saa moja na nusu lakini napunguza kiasi. Kiporo na chai yenye sukari ya kutosha, basi. Maharage, kabichi, maziwa mengi, vitu vya kukaanga, hivyo asubuhi hapana. Uji wa ulezi naupenda sana ila kwangu unajaza gesi, nimeuhamishia baada ya safari. Halafu dakika chache kabla ya kupanda, ndizi mbivu moja au kashata na kikombe kidogo cha kahawa ya kijiweni. Kahawa inasaidia kweli, hilo limepimwa na wataalamu, ila iende na chakula.

Sasa njiani. Wanasema gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ukipita saa mbili tatu unaweza kupandisha zaidi ukishauzoesha utumbo. Ndizi moja ya wastani ni kama gramu 25 hivi, kwa hiyo mbili kwa saa zinatosha, tatizo zinapondeka mfukoni, na ukifika Mlandizi ni uji ndani ya jezi. Jeli za dukani zipo, ila moja bei yake nakula mchana mzima na soda juu. Tende nzuri sana, laini, sukari yake inaingia haraka, lakini kutwa nzima ya tende ulimi unachoka, unafika mahali unaiona tende unageuza uso.

Nilichokuja kukipata ni mkate wa kumimina. Siku moja nilikuwa namwangalia mama mkwe anaukata wakati wa futari nikawaza, huu si mchele na sukari tu? Waendesha baiskeli wa Ulaya wanapikiwa na timu zao vikeki vya wali vinafungwa kwenye foili, sisi tunavyo tangu enzi za bibi zetu. Nikamwomba anipikie wa safari. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa kwenye blenda na tui, sukari, iliki, hamira, unaachwa uumuke mpaka vile vitundu vinachemka juu. Mimi nikamwomba tui liwe jepesi sana, lile la pili, kwa sababu mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni, na chumvi azidishe kidogo. Mkate wa kumimina na chumvi! Alinitazama vibaya kweli. Akaweka. Sufuria limepakwa mafuta kiasi, mkaa chini kidogo, mkaa juu ya mfuniko, ukatoka kahawia juu na ndani mweupe wa kuvutana. Ukishapoa kabisa ndio unakatwa, ukiwa wa moto unamong'onyoka. Nakata vipande vya vidole viwili, kila kipande foili yake, nafunga ncha moja kwa kuisokota ili niifungue kwa meno nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja. Haupondeki, haunati, na kwa sababu una unyevu unamezeka hata kinywa kikiwa kikavu. Kipande kimoja kila nusu saa, simu inaniletea alamu. Alamu ni muhimu kuliko unavyodhani, maana ukisubiri njaa ikuambie ujue umeshachelewa.

Kwenye chupa moja maji matupu, nyingine maji ya ukwaju yenye sukari na chumvi. Kipimo nimekianzia kwenye ile ya kutengeneza nyumbani ya mgonjwa wa kuharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, halafu sukari naongeza kwa ajili ya kazi na ukwaju naweka kidogo tu. Ule uchachu unafanya kinywaji kinyweke hata kikipata moto juani. Ukwaju usizidishe, unaendesha tumbo. Na usinywe maji matupu lita kwa lita ukidhani ndio afya, jasho la pwani linatoka na chumvi, ukijaza maji tu damu inapungukiwa na chumvi na hiyo ni hatari kweli, watu wamelazwa. Dafu ni zuri ila lina potasiamu nyingi na chumvi yetu hii ya kawaida kidogo, nikinywa dafu nalamba na chumvi.

Kwa mtindo huo ndio nilikwenda Morogoro, kama kilomita 190. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, pale Chalinze nikasimama nikanunua mayai mawili ya kuchemsha na machungwa, nyama choma ikanukia nikaipita. Baada ya Chalinze ndio vilima vinaanza, kushuka kupanda, na hapo ndipo wengi wanakatika, lakini alamu ikilia natafuna. Mikese nikaiona Uluguru imesimama mbele yangu nikaongeza spidi, naapa niliongeza. Braza mwenyewe alikuwa nyuma na nilimgawia vipande vyangu viwili vya mkate, akala vyote.

Kufika sasa kuna ushauri mwingine mbovu, "usile mpaka usiku, utajaza ulichopunguza." Nimejaribu, matokeo yake usiku unaamka unafakamia sufuria na kesho yake ngazi hupandi. Misuli inapokea chakula vizuri zaidi mapema baada ya kazi, na kama kesho unaendesha tena ndio usicheleweshe kabisa. Kwanza nakunywa mtindi nusu lita, una protini kama gramu 16 na unashuka hata kama huna hamu ya kula, na ndizi. Ndani ya saa moja au mbili chakula chenyewe, ugali au wali, maharage sasa ruhusa, dagaa, samaki, mchicha. Protini gramu 20 hadi 25 kwa mlo inatosha kukarabati misuli, sio lazima yale makopo ya unga ya jimu yanayouzwa bei ya mtungi wa gesi. Maji napima kwa mzani, kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, narudisha lita moja na nusu taratibu mpaka jioni, na chumvi inaingia kupitia mboga.

Kwa wenye kisukari au presha hizi sukari na chumvi ongea na daktari wako kwanza, usifuate zangu.

Ramadhani huwa naulizwa sana. Sitoki asubuhi kabisa. Natoka saa 11 na nusu jioni hivi, taratibu, mizunguko mifupi ya karibu na nyumbani, nahakikisha adhana inanikuta mlangoni, tende tatu na maji, nikiswali nakula futari kamili, uji, viazi, na mkate wa kumimina ule wenye tui zito. Wale wanaotaka kasi watoke baada ya tarawehe, taa mbele na nyuma, na kipande kimoja mfukoni.