Siku moja Kidepo, nyuma ya ndege asiyetaka kuonwa

Saa kumi na moja alfajiri, Hifadhi ya Taifa ya Kidepo, Uganda. Chai ya rangi, darubini, maji ya kutosha. Nyumbani huniuliza: kumbe unalipwa kutazama ndege? Ndiyo, na leo ni mmoja tu, ndege wa majanini ambaye jina lake la kisayansi ni Turnix sylvaticus, mwenye urefu wa sentimita kama 15. Ukimwona utasema kware, lakini kware ana vidole vinne, huyu ana vitatu. Cha nyuma hana.

Saa kumi na mbili na nusu tuko bonde la Narus na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana simba wapo. Tunajipanga mstari na kupita majanini polepole. Ndege huyu haruki mpaka ukaribie kumkanyaga. Hupaa chini chini, mita chache, hudondoka, kisha hutimua mbio kwa miguu. Ukifika alipotua, hayupo.

Saa tatu jua limeshakolea. Mgeni wangu, mzee wa Nairobi mwenye kamera nzito, akaanza.

"Si umpigie mlio wake kwenye simu aje?"

Nikamweleza kwamba kwa ndege hawa anayeita ni jike, kwa mlio mzito. Dume ndiye huatamia mayai na kulea vifaranga. Sitaki kumtoa baba kiotani kwa ajili ya picha.

"Basi gari liingie hapa majanini."

"Mzee, gari haliachi barabara," afande akamjibu.

Akanuna. Akataka kivuli, na kivuli hakipo. Akalalamika kwamba aliahidiwa ndege. Nani alimwahidi? Mimi niliahidi kutafuta. Soksi zangu zimejaa mbegu za majani zinazochoma kama sindano, na bado natembea nikitabasamu. Hiyo nayo ni kazi, na haimo kwenye malipo.

Kabla ya adhuhuri, frr! chini ya buti la afande. Mgongo wa kahawia, mabawa yamefifia begani na kukolea rangi nchani. Mzee alikuwa anafungua chupa ya maji.

Tukaanza upya. Sijui ilikuwa saa ngapi alipotoka tena, safari hii mbele ya mzee mwenyewe. Akamwona vizuri. Kamera ikapata majani.

"Usimwandike kwenye orodha ya ndege tuliowaona, sina picha," mzee akasema.

Nimemwandika. Kesho anataka mbuni, kule bonde la Kidepo. Mbuni hana shida, utamwona umekaa garini.