Dischaji ya mama: vile neno moja la Kiingereza lilitusumbua mpaka nikapata njia ya kulieleza

Mama yangu anauza nguo za watoto za mitumba pale Kibuye, hapa Kisumu, na hiyo kazi ameifanya tangu nikiwa shule ya msingi. Nyumbani ni Dholuo, sokoni ni Kiswahili cha kuelewana na wateja, Kiingereza anakisikia tu kikipita. Nataka kuandika vile neno dischaji lilituingiza kwa shida mara mbili, ju naona watu wengi wanapitia hiyo kitu na wananyamaza wakidhani shida ni yao.

Mama alifanyiwa operesheni ya henia. Akalazwa siku chache, Jumanne akaruhusiwa kurudi nyumbani, na kwenye kaunta wakampatia karatasi mbili zinazofanana, nyeupe ikabaki kwa ofisi ya malipo na ya njano akaambiwa "hii ndo dischaji yako mama, usipoteze, ukuje nayo siku ya rivyu." Akaikunja mara nne akaiweka kwa kile kibeti chake cha kifuani kile anawekanga pesa ya stoku. Mama ana sukari, na mtu wa sukari kidonda huchelewa kupona na kikipata maambukizi ni hatari, kwa hivyo wiki hiyo yote nilikuwa namwangalia kama yai. Nilikuwa namuuliza asubuhi na jioni kama kuna joto, kama pamevimba, kama panatoa harufu. Hakuna.

Siku ya rivyu tukafika mapema, foleni ikawa ndefu, mimi nikaenda kupanga laini ya malipo na yeye akaitwa mezani kwa nesi kabla sijarudi. Haya mengine alinieleza baadaye, na nimemuuliza tena na tena ndo niandike vile ilikuwa.

"Mama, dischaji iko?"

"Iko, sista."

"Ya rangi gani?"

"Ya njano."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Hapo mkono wake ulikuwa tayari kifuani anafungua kibeti aitoe, lakini sista alikuwa ameshainamisha kichwa anaandika, na akaitwa mgonjwa mwingine. Daktari wa zamu aliposoma hiyo kadi alisoma kile mtu yeyote wa hospitali angesoma: mgonjwa wa sukari, kidonda cha operesheni, usaha wa njano kwa siku kadhaa. Akaandika vipimo vya damu, akaandika sindano za antibayotiki, na akamwambia mama inawezekana kidonda kifunguliwe kisafishwe. Niliporudi na risiti nikampata kwenye benchi analia bila sauti, mikono inatetemeka, ananiambia kwa Dholuo kwamba wanataka kumkata tena.

Tukaingia chumba cha kufunga vidonda. Yule kijana wa dresing akaloweka plasta polepole, akaibandua, akainama karibu kabisa. Kidonda kilikuwa kikavu, nyuzi zimetulia kwa mstari mmoja, ngozi ina rangi yake. Akabonyeza pembeni kwa vidole viwili, hakuna kitu kilitoka. Akatuuliza nani amesema kuna usaha. Mama akashtuka, akasema yeye hajasema usaha, akatoa ile karatasi ya njano, akaikunjua mbele yake, na hapo ndo nikaelewa kila kitu.

Sista sikumlaumu sana siku hiyo, alikuwa peke yake na watu wamejaa mpaka nje. Lakini iliniuma, na bado inaniuma, ju Kiswahili kina maneno yake hapo, na kila moja linasimama peke yake. Usaha ni usaha. Ruhusa ya kutoka hospitali ni ruhusa. Sasa tukichukua dischaji moja tukaifanyisha kazi ya yote, anayeumia ni yule asiyejua kwamba neno lina nyuso nyingi. Na kuna wasichana wanaulizwa kliniki "una dischaji?", mtu anataka kujua kama anatokwa na uchafu ukeni, na msichana anajibu hapana ju hajawahi kulazwa. Hiyo si kitu ndogo.

Miezi kadhaa baadaye ikaja ya pili. Mama alikuwa amechukua mkopo wa biashara na kuweka taitol, ile hati ya kumiliki ploti yake, kama dhamana, na akamaliza kulipa, kila shilingi. Benki ikapiga simu: "Mama, dischaji yako iko tayari, ukuje uchukue." Akakata simu. Akaniambia hatoki kwenda mahali popote panapotajwa hilo neno. Alimaanisha.

Usiku huo nikakaa na kamusi ya Kiingereza kwa simu. Maana zilikuwa nyingi mpaka nikachoka kushuka na kidole: kuachilia mgonjwa, majimaji ya kidonda, kumtoa mwanajeshi kazini, kufyatua risasi, kulipa deni, kumwachilia mshtakiwa, betri kuisha moto, maji ya mto yanayopita kwa sekunde. Hata viwanda vinavyomwaga maji taka huombwa leseni ya dischaji na NEMA, mamlaka ya mazingira. Ningemfundisha hiyo orodha angekariri mbili asahau kumi. Lakini chini kabisa kulikuwa na asili ya neno, na hiyo ndo ilinifungua macho. Limetoka Kifaransa cha zamani, ambacho kililitoa kwa Kilatini, na ndani yake kuna mkokoteni. Chaji ilikuwa kupakia mkokoteni. Dischaji ni kupakua.

Sasa mwambie mtu wa Kibuye kuhusu mkokoteni! Mama amekuwa akilipa watu wa mkokoteni kumletea belo zake miaka na miaka, anajua uzito, anajua kamba, anajua vile yule kijana huweka jiwe nyuma ya gurudumu ndo asianguke wakipakua. Asubuhi nikamwambia mama, kila ukisikia hilo neno jiulize, ni nini imebebeshwa mzigo, na mzigo unashuka kutoka wapi? Hospitali ilikuwa imekubeba wewe, ikakushusha. Kidonda kikiwa na usaha kinaushusha nje. Simu umeichaji, umeipakia moto, ukiongea unaisha. Na taitol yako benki iliipakia deni, sheria za ardhi za 2012 zinaita hiyo chaji, sasa wanataka kuipakua.

Akanyamaza kidogo, akaniuliza, na ile ya kina binamu yako?

Nilikuwa nimeisahau. Binamu yangu aliwahi kushtakiwa, siku moja korti ikasema amepewa dischaji, tukachinja kuku tukijua kesi imekufa. Kumbe upande wa mashtaka uliondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, na hicho kinaruhusu mtu ashtakiwe upya kwa jambo lile lile. Kuonekana huna hatia ni kitu kingine kabisa. Nikamjibu, hapo mzigo ulishushwa lakini ukaachwa kando ya barabara, mtu anaweza kuupakia tena. Akasema sawa, kwa hivyo hata hii ya benki lazima nijue mzigo umewekwa wapi.

Hilo swali lilitusaidia sana. Tulipofika benki walitupatia taitol pamoja na hati ya dischaji, na watu wengi wakishika taitol mkononi hurudi nyumbani wakaiweka chini ya godoro. Mama akauliza, "Kwa kitabu cha serikali mmeshapakua?" Dada wa benki akatueleza vizuri kwamba bado, hati lazima isajiliwe ofisi ya ardhi. Rejista ya shamba ina sehemu tatu, moja inaeleza ardhi yenyewe, moja inaeleza mwenye ardhi, na ya tatu ndo huandikwa madeni na vizuizi. Mpaka hiyo ya tatu ifutwe, mtu akifanya sachi, yaani akiomba kuona rejista inasema nini, bado ataona benki pale, hata kama umelipa zamani.

Tukapeleka. Tukangoja. Siku hizi popote tunaenda mama ndo huuliza kwanza, na haulizi kwa aibu. Kliniki ya sukari juzi sista alisema neno lile lile, akamwambia, "Sista, unauliza karatasi ama unauliza usaha?" Sista akasimamisha kalamu, akamwangalia, akauliza upya kwa Kiswahili.

Sachi ilipotoka niliisoma tukiwa tumesimama kwa veranda ya ofisi. Kwa sehemu ya madeni hapakuwa na kitu. Mama akaweka kidole pale, akaniambia nisome tena polepole, nikasoma, akaikunja mara nne akaiweka kifuani, akasema twende, kijana wa mkokoteni alikuwa amepiga simu belo imefika Kibuye na hana mtu wa kumsaidia kupakua.