Jarida letu limetoka leo

Leo mchana nimelishika jarida letu la wanafunzi mkononi. Bado linanukia wino.

Nilipopewa kazi ya kulipanga nilidhani ni kuchagua herufi nzuri na kubandika picha. Kumbe! Tulikuwa na kurasa 30, mchapaji akasema jarida la kubanwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Ama 28, ama 32.

Tukaongeza mashairi.

Na picha, jamani: inayong'aa kwenye simu inaweza kutoka na ukungu kwenye karatasi isipofika nukta 300 kwa inchi. Hilo nimelijua kwa kurudia kazi usiku kucha.

Lakini ukurasa wa 17 ndio umenishika moyo. Una shairi la binti wa mwaka wa kwanza, mistari 8 tu. Nilitaka kujaza nafasi iliyobaki kwa mchoro, mwisho nikaiacha nyeupe.

Leo nimemwona ameufungua. Akapitisha kidole taratibu pale penye weupe, kimya, kisha akarudi kusoma upya.

Nimesimama mlangoni machozi yakinilengalenga.

Mliowahi kupanga jarida, ukurasa gani hamjausahau?