Nimeiuliza karatasi

Alhamisi, usiku.

Dada kajifungua, wa kike, wote wazima. Logibuku ya mafunzo yangu ofisini kwa wakili, wiki ya tano, imesainiwa. Na mimi bado nimekwama kwenye swali la Jumatatu.

Mzee wetu wa kupeleka majalada mahakamani, yule wa kofia, aliishika hati ya kiapo (maelezo ya maandishi yanayoapiwa) ya bibi wa Mbagala, mteja wetu, akaifunua ukurasa wa mwisho.

"Mwanasheria, huyu bibi kaapia wapi?"

"Hapahapa ofisini, mzee. Nilikuwepo."

"Nimeiuliza karatasi, mwanangu. Sijakuuliza wewe."

Katibu muhtasi akacheka kwa pua. Hicho ndicho kinachoniuma.

Chuoni kiapo husomwa kuanzia juu. Masijala, wanaopokea majalada mahakamani, husoma kuanzia chini. Sheria ya Sura ya 12 inamtaka kamishna wa viapo, yule anayemwapisha mtu, aandike chini jina lake, mahali na tarehe ya kuapa. Mimi nilitafsiri kiolezo cha zamani cha Kiingereza (lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu 2021, kompyuta ya ofisi haijaambiwa) nikaziacha nukta za kujazia mahali kama zilivyo, tupu. Upande wa pili wakiziona, wanaleta pingamizi la awali, la kutaka maombi yatupwe kabla hayajasikilizwa. Kiapo kikianguka, maombi yanaanguka nacho. Na haya ni maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa, ambayo kila siku ya kuchelewa lazima itolewe maelezo: alilazwa lini, akatoka lini, nakala ya hukumu akaipata lini. Yakiondolewa kwa ajili ya nukta, ukirudi una siku nyingine mpya za kueleza.

Halafu uthibitisho, kile kipande cha chini kinachosema aya ipi mwapaji anaijua mwenyewe na ipi kaambiwa. Aya zilikuwa 10: ya 1 hadi ya 9 anazijua mwenyewe, ya 10 kaelezwa na wakili wake. Dakika ya mwisho nikachomeka aya mpya ya 7, ya karatasi za hospitali, nisiguse chini. Zote zikasogea. Ya 10 sasa ni jambo la bibi mwenyewe, lakini uthibitisho unasema kaambiwa na wakili. Ya 11 ikabaki yatima. Ukiongeza au kufuta aya yoyote, uthibitisho uandikwe upya, basi.

Jana kwenye daladala ndipo nilipoliona tumbo la lile swali. Hapahapa ofisini, sawa, mbele ya nani? Wakili wetu ndiye anayemwakilisha bibi, na sheria hiyohiyo inamkataza kuwa kamishna kwenye shauri la mteja wake. Jina lake nilishalichapa pale pa kamishna, bado muhuri tu! Na bibi alishasaini, kalamu yangu, meza yangu, kamishna hayupo. Mzee aliyaona yote, akataja dogo mbele ya watu. Nilitozwa aibu nusu bei. Nimecheka peke yangu hadi kondakta akanitazama.

Leo bibi karudi. Tumechapa upya, tukavuka barabara kwa wakili asiyehusika na shauri. Bibi hakushika kalamu mpaka akakaa mbele ya wakili huyo, akasomewa, akaulizwa kama ndiyo maneno yake. Sahihi, jina la kamishna, Dar es Salaam, tarehe, muhuri. Mzee kaipokea, kaanza chini, kapanda aya kwa aya.

"Haya," kasema, akaitia kwenye jalada.

Bi Mkubwa hajapiga simu tangu Jumanne. Ana mjukuu mpya na hajapiga. Si kawaida yake.