Siku Moja Maishani Mwangu: Kamba ya Katani na Kidato cha Sita

Saa 11 alfajiri. Nimekaa kizingitini nasokota nyuzi mbili za katani. Hapa Korogwe katani haitafutwi mbali. Leo nafundisha jinsi seli inavyonakili DNA, molekuli ya nyuzi mbili zilizosokotana inayobeba taarifa za urithi, na inaniuma kuona wanafunzi wakikariri majina ya vimeng'enya, protini zinazofanya kazi hiyo, bila kujua kila kimoja kinatatua shida gani.

Saa 2 asubuhi. "Shikamoo, mwalimu." Marahaba, kaeni. Wawili wanashika ncha za kamba, wanazibana zisizunguke. Wa tatu anaingiza vidole katikati kutenganisha nyuzi; yeye ndiye helikesi, kimeng'enya kinachofungua nyuzi za DNA. Hajafika mbali, kamba inakaza mbele yake, inajikunja mafundo, vidole vinakwama. Tufanyeje? Sauti inatoka nyuma: "Ikatwe, mwalimu, ijizungushe, halafu iungwe tena." Neno topoisomeresi hajalisikia, lakini kazi yake ameshaigundua! Nawaambia siprofloksasini, dawa ambayo wengi wao wamewahi kuimeza, humwua bakteria kwa kukibana kimeng'enya cha jamii hiyo.

Saa 4, chai na mihogo.

Saa 4 na nusu. Hapa ndipo pagumu. Polimeresi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, ambayo Arthur Kornberg na wenzake waliitambua mwaka 1956, hujenga kuelekea upande mmoja tu, na haiwezi kuanzia patupu: lazima kimeng'enya kingine, praimesi, kitangulie kuweka kipande kifupi cha RNA, molekuli ya jamii ya DNA. Nazo nyuzi mbili za DNA zimelala mkabala, kila mmoja na uelekeo wake. Basi mmoja unanakiliwa mfululizo, mwingine kwa vipande vinavyojengwa vikiipa kisogo helikesi. Kwa binadamu kila kipande kina nyukliotidi, yaani pingili za uzi huo, kama 100 hadi 200. RNA huondolewa, pengo hujazwa, na ligesi huunga.

Ni vipande vya Okazaki. Siwezi kulitaja jina hilo nikapita tu. Reiji Okazaki alizaliwa Hiroshima, akapatwa na mionzi ya bomu la atomiki, akafariki kwa saratani ya damu mwaka 1975 akiwa na miaka 44. Mkewe Tsuneko, waliyefanya naye ugunduzi huo, aliendelea na utafiti. Wasichana wawili wa mbele wanaandika "Tsuneko" kwenye madaftari. Kwenye mtihani halimo, lakini nimefurahi sana.

Saa 9 alasiri. Nasahihisha michoro. Mishale mingi bado imegeuzwa, kesho tunarudia.

Saa 3 usiku, muda wa kujisomea. Yule wa nyuma anakuja na kamba mkononi. "Mwalimu, huku mwisho kabisa, kile kipande cha RNA kikitolewa, nani anajaza?"

Katika seli nyingi za mwili, hakuna. Kila seli inapogawanyika, kromosomu, yaani kamba hizo ndefu za DNA, hupungua kidogo nchani.

Anaitazama ncha ya kamba. "Sasa zile seli zinazotengeneza mayai na mbegu, mbona watoto hawazaliwi na kromosomu fupi?"

Nikamvutia kiti.