Waliotoka Ndio wa Kuulizwa

Kila mwaka, miezi michache kabla ya masomo kuanza, wazazi wenye watoto wadogo huniuliza ni shule ipi nzuri, na kila mwaka huwa siwapi jina la shule. Nilisoma shule binafsi kwa miaka 11, nikaja kuwapeleka watoto wangu wawili katika shule tatu tofauti za awali, na katika muda huo nimewasikiliza wazazi na wahitimu wengi wakisimulia yaliyowapata. Nilichokiona ni kwamba karibu ushauri wote tunaoutegemea hutoka kwa watu ambao bado wamo ndani ya shule hizo. Mzazi ambaye mtoto wake yuko darasani leo ameshalipa ada, ameshanunua sare, na kila asubuhi anamkabidhi mwanawe kwa walimu walewale anaoombwa kuwaeleza. Si rahisi kwake kukiri, hata moyoni mwake, kwamba huenda alikosea. Hadanganyi. Ila anayo haja ya kuamini, na haja hiyo huyapaka maneno yake rangi. Waliowatoa watoto wao hatuwatafuti, na wahitimu tunawakumbuka siku ya mahafali tu.

Somo hili nililipata kwa binti yangu, alipokuwa na miaka mitatu. Shule yake ya kwanza ya awali ilikuwa na jengo jipya, kuta zenye picha za wanyama, na vitu vya kuchezea vilivyopangwa kwa unadhifu ambao leo ungenishtua, maana chumba ambacho watoto wanacheza kwelikweli hakibaki nadhifu namna ile. Wiki za mwanzo alilia mlangoni, nami nikaambiwa atazoea, jambo ambalo lina ukweli wake: hofu ya mtoto mdogo kutengana na mlezi wake ni ya kawaida, na wanasaikolojia kama John Bowlby waliieleza kwa kina katika karne iliyopita. Wiki ya tatu akaacha kulia, nasi tukashukuru. Wiki hiyohiyo aliacha pia kuimba. Alikuwa mtoto wa kuimba tangu anapofumbua macho, akitunga maneno yake mwenyewe, na ghafla nyumba ikawa kimya. Ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa kwamba kilio kilichokoma hakikuwa dalili ya kuzoea, bali alikuwa amekata tamaa ya kusikilizwa.

Jibu nililipata kwa mama mmoja aliyekuwa amemtoa mwanawe hapo mwaka uliotangulia, na nililipata kwa mazungumzo yasiyozidi dakika tano. Aliniuliza, "Dada, wamekuambia mwalimu wa darasa lile ni wa ngapi tangu muhula uanze?" Sikuwa nimeambiwa. Alikuwa wa tatu. Kila binti yangu alipoanza kumzoea mtu mzima mmoja, mtu huyo aliondoka, na barua za shule zilizokuwa zikija nyumbani kila Ijumaa hazikuwahi kugusa habari hiyo hata kwa sentensi moja. Wazazi tuliokuwa ndani tuliulizana habari za sare na sherehe, huku yule aliyetoka akiwa na jambo moja ambalo kila mmoja wetu alistahili kulijua.

Katika shule ya pili, mwalimu aliniruhusu niketi pembeni mwa darasa kwa siku nne, nikipunguza muda wangu kidogo kidogo hadi nikawa naaga na kuondoka. Alipozungumza na mtoto alipiga magoti ili macho yao yalingane. Hakuwa na vifaa vingi na jengo lilikuwa la kawaida mno, lakini kila mtu mzima alikuwa na watoto wasiofika kumi, na walimu waliomwongoza binti yangu mwaka ule walikuwa bado wapo mdogo wake alipoanza. Wimbo ulirudi mwezi wa pili. Siwezi kuthibitisha kwamba ni mwalimu yule aliyeurudisha, lakini mimi naamini hivyo.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu katika elimu ya awali wazazi huvutwa sana na majina. Jina la Montessori ni mfano ulio wazi. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, kwa ajili ya watoto wa familia maskini, na mwaka 1929 akaanzisha chama cha kimataifa cha kulinda mafunzo ya njia yake. Hata hivyo, katika nchi nyingi jina lenyewe halina mwenyewe kisheria, kwa hiyo shule yoyote inaweza kuliandika kwenye kibao chake. Njia yake ina alama zinazoonekana kwa macho: watoto wa umri tofauti huchanganywa katika chumba kimoja, vifaa viko kwenye rafu ambazo mtoto anazifikia mwenyewe, na asubuhi kuna muda mrefu wa kazi usiokatizwakatizwa, mara nyingi saa tatu hivi. Nimeingia katika shule yenye jina hilo nikakuta watoto wa miaka minne wameketi kwa mistari wakinakili herufi kutoka ubaoni. Friedrich Fröbel, aliyeanza kazi yake ya watoto wadogo mwaka 1837 huko Bad Blankenburg nchini Ujerumani, aliiita shule yake bustani ya watoto kwa kuwa aliuona mchezo kuwa ndiyo kazi yenyewe ya umri huo. Watoto wale wa mistarini walikuwa wamenyimwa hata hilo.

Kuna pia shule zinazowaambia wazazi kwamba utafiti umethibitisha faida za elimu ya awali. Ni kweli umethibitisha, lakini inafaa kujua ni elimu ya namna gani iliyochunguzwa. Utafiti unaotajwa zaidi ulianza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ukiwa na watoto 123 wa familia maskini waliogawanywa katika makundi mawili, moja likipata shule ya awali na jingine lisipate. Alama za akili za waliosoma zilipanda, kisha baada ya miaka michache zikakaribiana na za wenzao. Ila walipofikia utu uzima, waliosoma walikuwa wamemaliza shule ya sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Shule hiyo ilikuwa na mwalimu mmoja kwa watoto sita hivi, walimu wenye mafunzo kamili, na kila wiki mwalimu alimtembelea mtoto na mama yake nyumbani. Darasa la watoto 35 na msaidizi mmoja asiye na mafunzo haliwezi kujivika sifa za matokeo hayo.

Mtoto anapopanda madarasa, mambo ya kuuliza hubadilika, na hapo ndipo wahitimu wanapokuwa mashahidi bora kuliko wazazi. Katika shule niliyosoma mimi, matokeo yalisomwa mstarini mbele ya shule nzima, kutoka aliyeshika nafasi ya kwanza hadi aliyeshika mkia. Mara nyingi nilikuwa miongoni mwa watano wa mwanzo, na kwa miaka mingi niliisifu shule ile kwa moyo mweupe, nikisema ilitujengea ari. Kisha nikakutana na mwenzetu mmoja ambaye jina lake lilikuwa likisomwa mwishoni. Alinieleza kwamba alikuwa na mazoea ya kuwahesabu waliokwisha kuitwa ili ajue wamebaki wangapi kabla yake, na kwamba hadi leo, akiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, akiingia kwenye ukumbi wenye watu wengi huanza kuhesabu vichwa bila kujua. Tulisimama mstari mmoja, asubuhi ileile, tukisomewa karatasi ileile. Tangu siku ile nimeacha kuusimulia utoto wangu shuleni kana kwamba ulikuwa wa darasa zima.

Shule hiyo ilitangaza kwa fahari kwamba watahiniwa wake wote walifaulu mtihani wa mwisho, na tangazo lilikuwa la kweli. Tulianza darasa moja tukiwa 42, tukaufikia mtihani tukiwa 29. Wengine walihama kwa sababu za familia zao, lakini wengi walichujwa: wazazi waliitwa ofisini, wakaambiwa kwa upole kwamba mtoto angefaa zaidi mahali pengine, au arudie darasa. Mchujo wa namna hii haumo katika tangazo lolote la ufaulu, na mzazi asiyewafahamu wale 13 hana njia ya kuujua. Ndiyo maana ninaposikia wastani wa juu wa shule, swali langu huwa ni waliingia wangapi na waliomaliza ni wangapi. Na hata pale ambapo hakuna mchujo, tathmini za kimataifa za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zimeonyesha mara kwa mara kwamba ubora wa alama wa wanafunzi wa shule binafsi hupungua sana, au hutoweka, pale uwezo wa kiuchumi wa familia unapozingatiwa katika hesabu. Sehemu kubwa ya kile tunachokinunua kwa ada, mtoto alikwenda nacho kutoka nyumbani.

Sisemi haya ili kuzibeza shule binafsi. Zimo ambazo zimewapokea watoto waliokuwa wameshindikana kwingine, na mimi mwenyewe nina deni kwa mwalimu mmoja wa lugha aliyemruhusu mvulana mwenye kigugumizi asome shairi kwa mwendo wake mbele yetu, huku darasa zima likiwa limefundishwa kusubiri. Wahitimu wa miaka yote humtaja mwalimu huyo kabla ya kutaja maktaba au uwanja. Lakini shule hiyohiyo iliwatoa watoto darasani katikati ya kipindi, kwa kuita majina, kwa sababu ada ya mzazi ilikuwa haijakamilika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Deni la mzazi halikuwa hata kosa la mtoto, na lingeweza kumalizwa kwa barua kwa mzazi mwenyewe.

Kwa hiyo, unapokutana na aliyetoka, usimwombe maoni. Mwombe akusimulie siku moja ambayo mambo yaliharibika, mtoto alipoumia, alipoonewa, au alipofeli, kisha usikilize shule ilifanya nini saa ya kwanza na ilimwambia nani. Maoni hufanana, lakini visa huonyesha tabia ya mahali. Mhitimu wa mwaka jana bado ana hasira au furaha ya juzi. Wa miaka kumi iliyopita ameshajua ni kipi kilichobaki, ingawa huenda walimu anaowataja waliondoka zamani na mkuu wa shule ni mwingine. Manung'uniko ya mtu mmoja yanaweza kuwa na chanzo chake binafsi, na si haki kuihukumu shule kwayo. Lakini watu watatu wasiofahamiana, wa miaka tofauti, wakikusimulia jambo moja kwa maneno yao wenyewe, hilo lisikilizwe.

Juma lililopita jirani yangu alikuja na mwanawe wa miaka mitatu, akitaka nimpe sababu za kuichagua shule ya awali ninayoipenda, ile ya mwalimu anayepiga magoti. Nilimpa sababu zangu zote, tena kwa furaha. Kisha nikampeleka kwa mzazi ninayemfahamu aliyemtoa mtoto wake katika shule hiyo, nikawaacha wazungumze wenyewe, kwa kuwa mimi ningewakatiza.